Filamu ya kutisha kwa Sh7,500: Usiku ambao mwigizaji wetu aliponea marungu

SAA mbili usiku, msichana aliyevalia gauni jeupe lililolowa damu alijitokeza kwenye ua wa michongoma, akavuka barabara ya vumbi kuelekea kwenye mfereji wa maji. Mwendeshaji bodaboda aliyekuwa akipita alimmulika, akapiga breki, akaitupa pikipiki na kutimua mbio huku akipiga nduru.

Msichana huyo hakuwa jini. Alikuwa mwanafunzi mwenzetu, amechoka, anasikia baridi, na alikuwa akienda kunawa. Damu yenyewe ilikuwa sukari. Lakini kabla ya dakika tano kuisha, wanaume kama kumi hivi walikuwa wamemzingira na marungu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza swali.

Tulikuwa wanafunzi wanne. Kazi ya muhula ilikuwa filamu fupi ya dakika saba, na mfukoni tulikuwa na Sh7,500 za kuchanga. Tukachagua filamu ya kutisha kwa sababu moja: huu ndio mtindo unaomsamehe maskini.

Historia inaonyesha hivyo. Mwaka wa 1968 George Romero alitengeneza Night of the Living Dead kwa takriban dola 114,000, na kwa kuwa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, damu ikawa sharubati ya chokoleti. The Blair Witch Project ya 1999 ilirekodiwa kwa siku nane msituni, waigizaji wenyewe wakishika kamera, na huyo mchawi haonekani hata mara moja. Oren Peli naye alirekodi Paranormal Activity ndani ya nyumba yake San Diego kwa takriban dola 15,000. Hapa kwetu, Kati Kati ya Mbithi Masya (2016) inatumia loji moja nyikani kusimulia habari za watu waliokwisha kufa.

Somo ni gani? Sehemu moja, watu wachache, na kitu kisichoonekana.

Kwa hivyo tuliandika hadithi inayotoshana na mfuko. Msichana anarudi kulala katika nyumba ya nyanya yake aliyefariki. Usiku anasikia mtu akipepeta mahindi jikoni. Anapofungua mlango anajikuta yeye mwenyewe, amelowa damu. Mwigizaji mmoja, nyumba moja, ungo mmoja. Mswada ulikuwa kurasa saba, kwa sababu ukurasa mmoja hukaribia dakika moja kwenye skrini.

Nyumba tulipewa na shangazi wa mmoja wetu, viungani mwa mji wa Nakuru. Bajeti ilikuwa hivi: chakula Sh3,200, nauli Sh1,800, taa ya kuchaji Sh1,100, sukari, rangi na betri Sh900, na Sh500 za dharura. Ukishangaa kwa nini chakula kilimeza pesa nyingi, jaribu kurekodi saa sita mfululizo na watu wenye njaa. Watanuna, watakosea, na mtarudia kila kitu.

Kamera ilikuwa simu. Simu haipendi giza; ukirekodi gizani kabisa picha hujaa chengachenga. Dawa yake ni kurekodi maonyesho ya nje jua linapozama, kisha kuipunguza nuru wakati wa kuhariri. Lakini hapa karibu na ikweta machweo hayakusubiri. Kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni mna kama dakika ishirini tu, basi. Tulifanya mazoezi mchana kutwa ili jioni tupate picha mbili, tatu. Kumbuka pia kubonyeza skrini na kushikilia hadi mwangaza ujifunge, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe kila mwigizaji anapogeuka.

Ndani ya nyumba tuliweka taa sakafuni, nyuma ya mlango. Uso ulioangaziwa kutoka chini hauhitaji vipodozi vingi. Damu tulichemsha sukari na maji hadi ikawa nzito, tukatia rangi nyekundu ya chakula na kijiko cha kakao ili isionekane kama juisi. Tahadhari: haitoki kwenye nguo.

Sauti ndiyo tuliyoithamini zaidi. Mtazamaji anaweza kufumba macho, masikio hayafumbiki. Simu ya pili ilirekodi sauti pekee, tukipiga makofi mara moja mwanzo wa kila picha ili baadaye tulinganishe. Mifupa iliyovunjika ilikuwa karoti. Na mahindi kwenye ungo, yakirekodiwa kwa karibu, yalitusisimua sisi wenyewe mchana kweupe.

Tulipanga kila kitu, isipokuwa majirani.

Hakuna aliyekumbuka kumwarifu mzee wa nyumba kumi. Tulidhani ua wa shangazi unatosha. Hatukufikiria kwamba mfereji uko ng'ambo ya barabara, wala kwamba mtu anayeona damu usiku haoni filamu. Katika nchi ambayo umati huua mtu kwa kelele moja tu ya "mwizi", hilo ni kosa kubwa.

Shangazi ndiye aliyemwokoa. Alitoka mbio na leso kiunoni, akamkumbatia msichana na kupaza sauti: "Huyu ni mtoto wangu! Mnampiga mtoto wangu?" Marungu yakashuka. Mwenzetu alitetemeka hadi asubuhi na kusema harudi tena kwenye giza lile. Hatukumlaumu.

Asubuhi tulienda kwa mzee kuomba radhi. Zile Sh500 za dharura ziliishia kwa soda na mkate. Alitusikiliza, akatikisa kichwa. "Nyinyi watoto, kuniambia mapema kungewagharimu nini?" Kisha akatupa kijana wa kukaa nasi, na akaturuhusu turekodi mlio wa lango lake kuukuu.

Onyesho la mwisho, lile la damu, halikuwa limerekodiwa. Tukalazimika kubadilisha mwisho: mlango unafunguka kwa mlio wa lango la mzee, mahindi yananyamaza ghafla, giza. Hakuna damu hata tone.

Kama unapanga yako, hakikisha mzee wa mtaa, chifu na majirani wanajua siku, saa na mtakachofanya. Mwigizaji mwenye damu asitembee peke yake, hata hatua kumi; mpe koti la kujifunika. Visu viwe vya kadibodi. Muulize pia mhadhiri kuhusu kibali, kwani sheria inakihitaji kwa filamu za kuonyeshwa umma, na bodi ya KFCB ndiyo huziainisha.

Filamu yetu ilionyeshwa darasani taa zikiwa zimezimwa. Mahindi yaliponyamaza, mtu nyuma alipiga mayowe. Mhadhiri akamuuliza mwigizaji wetu ni onyesho gani lililomtisha zaidi.

"Lile ambalo hatukurekodi," akajibu.