Manyoya chini ya tundu: Kasuku wako anaumwa au anabadilika?

Umerudi nyumbani baada ya wiki nzima mpakani, unakuta manyoya yametapakaa chini ya tundu la kasuku. Usishtuke. Kasuku wa kijivu, ndege wa misitu ya Kongo na Uganda, hubadilisha manyoya kidogo kidogo, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, bila kubaki na vipara.

Unyoya mpya huchipua ndani ya ala yenye damu. Ukivunjika hutoka damu, ndiyo maana ndege huwa mkali akiguswa. Mnyunyizie maji ya uvuguvugu, mwongezee yai la kuchemsha na kunde zilizoiva, na mwache alale usiku kwa saa 10 hadi 12. Parachichi usimpe, ni sumu kwake.

Akibaki na vipara, au manyoya mapya yakiota yamepinda, mtenge na wenzake, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na ukiuziwa kasuku njiani, kumbuka: tangu 2017 mkataba wa CITES unazuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Ndege mmoja asiye na kibali anaweza kukuponza wewe na mzigo wako wote.