Kabla ya Rangi, Uliza Kilibeba Nini

Katika makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, kulijengwa nguzo iliyopachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyombo vya aina hiyo viliwekwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani kwa plasta ya chokaa iliyochongwa nakshi. Chombo cha kulia kilipanda daraja kikawa pambo. Kwa hiyo anayeunda sofa kwa mapaleti ya bandarini, au anayeshona foronya kwa khanga kuukuu, haigi mambo ya ugenini. Anaendeleza desturi kongwe ya pwani yetu.

Tofauti ni kwamba bakuli lile liliundwa kwa ajili ya chakula. Vitu tunavyookota leo vimebeba saruji, mafuta ya mitambo, hata dawa za kuulia wadudu, nasi tunaviingiza kwenye chumba anamotambaa mtoto. Ndiyo maana, kabla ya kuchagua rangi, namsihi kila anayepamba nyumba ajiulize: kitu hiki kilibeba nini?

Tuanze na paleti, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi. Mapaleti yaliyosafirisha mizigo ya kimataifa huwa na muhuri uliochomwa ubavuni: picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi kama KE au TZ, na herufi za tiba. HT maana yake mbao zilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ili kuua wadudu. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi yenye sumu. Hizo ziache. Lakini muhuri hausemi ni mzigo gani uliokaa juu ya paleti baadaye. Inuse, itazame madoa. Ikinuka dawa au ikiwa imelowa mafuta, usiichukue hata ukipewa bure.

Ukiipata iliyo safi, hesabu yake ni nyepesi. Paleti moja ya kipimo cha Ulaya ina urefu wa sentimita 120, upana wa 80 na kimo cha kama 14. Ukizipanga mbili utapata kimo cha sentimita 28. Ongeza sponji ya inchi 6, nawe utakaribia kimo cha kiti cha kawaida. Zifunge kwa skrubu badala ya misumari, piga msasa mpaka kiganja kisihisi kibanzi, kisha paka vanishi. Usibanie fedha kwenye sponji. Mbao umezipata kwa bei ndogo, basi akiba hiyo inunue sponji ngumu isiyobonyea baada ya miezi michache.

Tairi la gari dogo huwa stuli nzuri. Lisugue kwa sabuni, lianike juani siku kadhaa harufu ipungue, kisha funika tundu la juu na la chini kwa vipande vya plaiwudi vya mviringo. Anza katikati ya kipande cha juu kuzungusha kamba ya katani, ukiibandika kwa gundi, mpaka ufike chini. Tairi lisilofunikwa usiliache uani kama pambo. Hutuamisha maji ya mvua, na humo huzaliana mbu aina ya Aedes anayeeneza dengue, ugonjwa uliolitikisa jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Ukitaka kulipandia maua, litoboe chini na ulijaze udongo hadi juu.

Pipa la chuma linataka tahadhari kubwa zaidi. Lililowahi kuwa na petroli au kemikali lisikatwe wala kuchomelewa nyumbani, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Na kabati la zamani lenye rangi inayobanduka lisipigwe msasa likiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Lowesha kwanza, fanyia kazi nje, na watoto wawe mbali.

Khanga ndiyo isiyo na hatari hizo, na mara nyingi tayari imo sandukuni. Iliyofuliwa miaka mingi huwa laini. Upande mmoja wa doti, wenye kama mita moja na nusu kwa mita moja, hutoa foronya tatu za mito ya sentimita 45. Panga kabla ya kukata: mji, yaani sehemu ya kati, ukae katikati ya mto mmoja, pindo lizunguke mwingine, na jina, yaani maandishi ya khanga, libaki zima kwenye wa tatu ili wageni wasome.

Nyumba haihitaji vitu hivi vyote kwa pamoja. Chagua kimoja kwa kila chumba, kikamilishe vizuri, kitumike mwaka mzima kabla ya kuongeza kingine. Na kile ambacho huwezi kujua kilitoka wapi wala kilibeba nini, kiache hapo hapo ulipokikuta. Kingine kilicho salama utakipata, kwa kuwa mapaleti, matairi na khanga kuukuu haviadimiki katika miji yetu.