Mkoba wa shule usimuumize mwanao

Shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi humiminika Gikomba na madukani kuwanunulia watoto mikoba. Wengi hutazama rangi na bei tu, wakasahau mgongo utakaoibeba.

Wataalamu wa afya ya watoto hushauri kwamba mkoba uliojaa usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzani wa mtoto. Kwa hivyo, mtoto wa kilo 20 asibebe zaidi ya kilo 3.

Chagua mkoba wenye kamba mbili pana, zilizotiwa sponji. Kamba nyembamba hukata mabega na huweza kuifanya mikono ife ganzi. Mkoba wa bega moja humfanya mtoto aende upande. Usinunue mkubwa ati akue nao, kwani nafasi ikiwepo itajazwa.

Nyumbani, panga vitabu vizito upande wa mgongoni, kisha kaza kamba mkoba usining'inie chini ya kiuno. Kila jioni, toa vitabu ambavyo havimo katika ratiba ya kesho.

Mtoto akilalamika kuumwa na mgongo kila mara, au mikono kufa ganzi, usidhani ni uvivu. Mpeleke kwa daktari.