Presha ya mapafu: Oksijeni inasaidia, lakini haiondoi damu iliyoganda

Unapanda ngazi chache tu, pumzi inakata. Ukipimwa presha mkononi, iko sawa. Tatizo linaweza kuwa presha nyingine kabisa: ile ya mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu.

Aina moja ya presha hii mara nyingi huanzia mguuni. Damu inaganda, bonge linang'oka na kwenda kukwama kwenye mapafu. Kwa wagonjwa wengi dawa hulimaliza. Kwa wachache, bonge bado lipo hata baada ya miezi 3 ya dawa, limegeuka kama kovu na kuziba mshipa. Upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa nguvu hadi unachoka, na miguu inaanza kuvimba.

Oksijeni inafanya nini?

Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana. Kwa mtu ambaye mishipa yake imeshaziba, hilo linazidisha presha. Oksijeni ya mrija wa puani hupunguza kujibana huko na kuupa moyo nafuu. Bonge lenyewe linabaki palepale.

Nani anaihitaji?

Si kila mgonjwa. Daktari hupima damu ya ateri. Oksijeni ya nyumbani kwa kawaida hushauriwa ikiwa kipimo kiko chini ya milimita 60 za zebaki.

Ukiitumia nyumbani

Usivute sigara, na kaa mbali na jiko la mkaa, gesi au mshumaa, kwa sababu oksijeni huchochea moto. Kama mashine yako inatumia umeme, weka mtungi wa akiba. Usijiongezee kiwango bila kumuuliza daktari.

Swali la kumuuliza daktari

"Je, naweza kufanyiwa upasuaji?" Usiache kuuliza, maana aina hii ya presha ya mapafu inaweza kutibika hata kupona. Mwili hupozwa hadi nyuzi joto 20 hivi, mzunguko wa damu husimamishwa kwa muda mfupi, kisha madaktari hubandua makovu ndani ya mishipa. Asiyeweza kupasuliwa anaweza kupanuliwa mishipa kwa puto au kupewa vidonge vya riociguat.

Dawa za kuzuia damu kuganda kwa kawaida ni za maisha yote. Usiziache eti kwa sababu oksijeni imekupa nafuu.