Mpagazi Aliyetua Mzigo Tabora

Msafara wa Burton na Speke uliingia Tabora, ambayo wao waliiita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Wapagazi wao Wanyamwezi wakatua mizigo, wakaenda zao makwao. Hawakutoroka. Walikuwa wamepatana kuchukua mizigo kutoka pwani mpaka Unyanyembe, na Unyanyembe walikuwa wamefika. Tena mvua zilikuwa zikianza na mashamba yakiwangoja. Wageni wale wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuishika njia ya Ujiji.

Wasafiri wengi wa siku zile waliandika kwa hasira juu ya wapagazi. Si ajabu, maana mwandishi ndiye aliyekuwa mlipaji. Lakini Tabora misafara ilivunjwa na kuundwa upya, na mwenye mali hakuwa na budi kupatana tena kwa merikani, kaniki na shanga. Majira ya kulima watu walikuwa adimu na ujira ukapanda, kwa kuwa Mnyamwezi alikuwa na shamba la kumlisha. Aliweza kusema hapana.

Merikani ile ilifumwa Marekani, na huko huko wachezaji wa besiboli walikaa miaka mingi bila uwezo huo. Mkataba ulipokwisha, klabu ilikuwa na haki ya kumzuia mchezaji. Desemba 1975 mwamuzi Peter Seitz aliamua kwamba kumzuia hivyo mwaka baada ya mwaka si halali. Siku hizi mwenye misimu sita ya kazi huwa huru mkataba wake ukiisha. Aliyetimiza misimu mitatu, asipopatana na klabu, hutaja mshahara anaoutaka, klabu nayo hutaja wake, na waamuzi huchagua mmoja tu. Hawana ruhusa ya kukata katikati. Kwa hiyo kila upande huogopa kutaja upuuzi, na mashauri mengi humalizika kabla ya kufika barazani. Naye mchezaji mkubwa aliye huru huweza kupewa ahadi rasmi ya mwaka mmoja; akiikataa akahamia kwingine, klabu yake yaweza kufidiwa kwa nafasi ya kuchagua kijana mpya.

Katika mpira wetu hatujaona baraza la namna hiyo. Desemba 2022 Feisal Salum aliweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya Yanga ili kuvunja mkataba wake. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema angali mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, Rais Samia mwenyewe akalisemea jambo hilo, na Juni 2023 kijana akaenda Azam.

Mkataba ni mkataba. Wapagazi wale waliutimiza mpaka Unyanyembe. Lakini kamati iliulizwa kama mkataba ungali hai, haikuulizwa kama ujira wastahili kazi. Yafaa TFF, Bodi ya Ligi na SPUTANZA, chama cha wachezaji wenyewe, wakae pamoja wapate mahali pa kuliuliza swali hilo la pili, kabla mchezaji mwingine hajakwenda benki.