MBOGA WAKATI WA KIANGAZI: MAJI YALEYALE, KAZI MARA MBILI

Ndugu mkazi wa Nyarugusu,

Kiangazi kimeingia. Kwa kawaida hapa Kasulu ardhi hukauka kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa tisa. Katika miezi hiyo mafungu ya mboga sokoni huwa madogo na bei hupanda. Ndipo utaona kikombe cha maharage au unga wa mgao kikibebwa kwenda kubadilishwa na lengalenga. Familia inapata mboga ya siku moja, lakini chakula kilichotoka ndani hakirudi mpaka siku ya mgao.

Karatasi hii inaeleza jinsi ya kupata mboga nyumbani kiangazi chote bila kugusa maji ya kunywa.

Wazazi wangu, wengi wenu mlilima Fizi, Baraka na Uvira kabla mimi sijazaliwa. Hakuna wa kuwafundisha kushika jembe. Lakini kule, kiangazi kikifika, watu waliteremka mabondeni na kando ya mito kufuata unyevu. Hapa kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Tulicho nacho ni uwanja wa kuzunguka nyumba, na bomba lenye foleni. Kwa hiyo ujuzi ni uleule. Kinachobadilika ni mahali pa kulima na maji ya kumwagilia.

1. KWA NINI MBOGA ZA MAJANI?

Unga, maharage, mafuta na chumvi hushibisha na kutia nguvu. Lakini mwili unahitaji pia vitamini na madini yaliyomo katika majani ya kijani kibichi. Vitamini A hulinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kushindwa kuona jua likizama: hujikwaa, hupapasa, hawezi kuona sahani yake. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya mara moja, maana akiachwa anaweza kupofuka kabisa.

Majani yana madini ya chuma pia, ambayo husaidia kutengeneza damu. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanayahitaji zaidi. Tia mafuta kidogo unapopika mboga, kwa sababu bila mafuta mwili hauwezi kuipokea vizuri vitamini A.

2. PIGA HESABU YA MAJI KABLA YA KUCHIMBA

Watu wengi hushindwa bustani ya kiangazi kwa sababu wanaanza na eneo kubwa. Baada ya wiki mbili maji hayatoshi na kila kitu kinakauka. Anza na tuta moja lenye ukubwa wa mkeka: upana mita 1, urefu mita 2.

Kila mita moja ya mraba ya mboga inahitaji takriban lita 5 za maji kwa siku wakati wa jua kali. Tuta la mkeka mmoja basi linahitaji lita 10, yaani nusu dumu. Kiwango ambacho UNHCR inakilenga ni lita 20 kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu watano ingepata lita 100, yaani madumu matano. Hata siku ambayo bomba limetoa nusu yake, maji mnayooshea vyombo, kuogea na kufulia hayapungui nusu dumu. Hayo ndiyo maji ya bustani. Badala ya kuyamwaga njiani yakaleta matope na nzi, yape kazi ya pili.

Maji yanayofaa ni haya:
- yaliyooshea mboga au kulowekea maharage;
- ya kusuuzia vyombo na nguo;
- ya kuogea, kama sabuni ni kidogo.

Maji yasiyofaa ni haya:
- yenye povu zito la sabuni ya unga, au yenye dawa ya kusafishia choo;
- yenye chumvi nyingi;
- yaliyofulia nepi, au nguo za mgonjwa wa kuhara. Hayo yamwage chooni, kamwe yasifike kwenye mboga.

Maji yaliyotumika yasilale zaidi ya siku moja, kwani hunuka na huvuta wadudu. Yamwage shinani mwa mmea, siyo juu ya majani. Na mara moja au mbili kwa wiki tumia maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na sabuni kabisa, ili udongo usijae magadi ya sabuni.

3. TUTA LA KUZAMA

Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi tunafanya kinyume: tuta linakuwa chini ya usawa wa uwanja ili kila tone libaki kwenye mizizi na upepo usiukaushe udongo.

Chagua mahali karibu na mlango au jiko, mbali na choo na upande wa juu wa mteremko. Kisha:

(a) Chimba kina cha kama sentimita 40. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja. Udongo mwekundu wa chini uweke upande mwingine.
(b) Tandaza chini majani makavu, maganda ya maharage na mabua yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja. Yanashika maji kama sifongo.
(c) Changanya udongo mweusi na samadi ya mbuzi iliyooza au mboji, ndoo mbili kwa tuta. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kinyesi cha binadamu kisitumike hata kidogo.
(d) Rudisha udongo huo mpaka ubaki chini ya usawa wa uwanja kwa kama sentimita 10. Udongo mwekundu utumie kujenga ukingo pembeni.

Majivu ya jiko ni mbolea nzuri, lakini kama unamwagilia maji yenye sabuni, tia majivu kidogo tu, konzi moja au mbili. Majivu na sabuni vyote vina magadi.

4. ASIYE NA UWANJA: BUSTANI YA GUNIA

Chukua gunia la mgao lisilotoboka chini. Chukua pia kopo tupu la mafuta lililokatwa pande zote mbili. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha jaza udongo wenye samadi kulizunguka. Vuta kopo juu, kokoto zibaki. Endelea hivyo mpaka gunia lijae, na kokoto zitakuwa nguzo katikati. Unapomwaga maji juu ya kokoto, hushuka na kuenea mpaka chini.

Toboa matundu madogo ubavuni, umbali wa shubiri moja, na upande mche mmoja kila tundu. Sukuma wiki hufaa sana ubavuni. Juu ya gunia panda vitunguu vya majani au lengalenga. Gunia lisigeuzwe mahali likishajaa, kwa hiyo liweke pale linapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mzee, au mgonjwa asiyeweza kuinama, anaweza kulitunza akiwa amekaa kwenye kigoda.

5. UPANDE NINI?

Gawa tuta lako sehemu tatu ili chungu kisikae kitupu.

Sehemu ya kwanza, lengalenga (mchicha). Mbegu zake ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzipanda, zisirundikane. Zifunike kwa udongo kidogo tu. Baada ya wiki 3 hadi 4 unaanza kula.

Sehemu ya pili, matembele. Kata vikonyo vyenye urefu wa shubiri moja na nusu, vizike nusu yake kwa kulaza. Majani huanza kuchumwa baada ya kama wiki 5. Mmea huu unatambaa na kuufunika udongo wenyewe, kwa hiyo unavumilia ukavu.

Sehemu ya tatu, sukuma wiki. Miche ikae kitaluni wiki 4, kisha ihamishwe jioni. Inachelewa kuanza, lakini ukiitunza utachuma miezi mingi.

Pembeni, kwenye ukingo, panda kunde. Majani yake ni mboga, na zinavumilia jua.

Kuhusu sombe (kisamvu): muhogo husimama hata kiangazi, na ni msaada mkubwa. Lakini ukavu mkali huongeza sumu katika majani na mizizi yake. Twanga majani mpaka yalainike kabisa, kisha yachemshe vizuri bila kufunika chungu, mvuke utoke. Usimwache mtoto atafune majani mabichi.

6. KUFUNIKA, KIVULI NA KUMWAGILIA

Udongo mtupu ni kama sufuria isiyo na mfuniko. Tandaza majani makavu au majani ya migomba kati ya mimea, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Maji yatadumu mara nyingi zaidi ya siku moja.

Miche michanga ijengee kichanja cha nyasi chepesi, urefu wa goti, kwa siku 10 za mwanzo. Kisiwe kizito, mwanga upenye.

Mwagilia jioni, au alfajiri kabla jua halijachoma. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha, mpe maji kesho. Ukikuta ukavu, mwagilia taratibu. Ni afadhali kumwagilia vizuri mara moja kuliko kunyunyizia juu juu mara tatu, kwani mizizi hufuata maji: ya juu juu huivuta juu ikaungua.

Chupa ya plastiki nayo inasaidia. Toboa vitundu viwili vitatu kwenye kifuniko kwa msumari wa moto, kata kitako, izike kichwa chini karibu na mche na uijaze. Maji yatatoka polepole mpaka kwenye mizizi.

7. WADUDU, MBUZI NA MOTO

Vidukari hupenda sukuma wiki wakati wa ukavu. Hujificha chini ya jani. Waponde kwa vidole wakiwa wachache. Wakiwa wengi, koroga kipande kidogo cha sabuni ya mche katika lita moja ya maji, pangusia chini ya majani jioni, na suuza kesho yake. Usinunue dawa ya wadudu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Haina maelezo, na mtoto anaweza kuinywa.

Mbuzi na kuku: zungushia uzio wa mabua au matawi makavu. Tusikate miti mibichi kwa ajili ya uzio. Mwenye mbuzi amfunge. Mwenye bustani aweke uzio. Kila mmoja akifanya sehemu yake, hatutapelekana kwa kiongozi wa kijiji.

Moto: majani makavu ya kufunikia yasirundikwe karibu na jiko wala ukuta wa nyumba. Upepo wa mwezi wa nane ukibeba cheche moja, nyumba haipo.

8. KUVUNA NA KUTUNZA MBEGU

Sukuma wiki chuma majani ya chini, acha manne au matano ya juu ili mmea uendelee. Lengalenga usiling'oe lote: kata ukiacha urefu wa kiganja, litachipua tena. Kwa kuwa tunamwagilia maji yaliyotumika, osha mboga kwa maji safi, zipike ziive, usizile mbichi.

Acha mimea miwili au mitatu yenye afya izae mbegu. Usiache ile dhaifu, kwani utapanda udhaifu wake mwakani. Kausha mbegu kivulini, changanya na majivu makavu, weka kwenye chupa yenye kifuniko.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

"Si bora nisubiri mvua?" Kutoka mwezi wa sita mpaka mvua za mwezi wa kumi au wa kumi na moja ni miezi minne au mitano. Lengalenga lingekuwa limevunwa zaidi ya mara tatu. Tumbo la mtoto halisubiri.

"Tuta moja litatulisha sote?" Hapana, si kila siku. Lakini litawapa mboga mara kadhaa kwa wiki, na kila mara mtakayochuma ni kikombe cha maharage kilichobaki nyumbani. Ukiona maji yanatosha, ongeza tuta la pili.

"Mvua zikianza nifanye nini?" Rudisha udongo wa ukingo ndani, inua tuta juu ya uwanja, na chimba mfereji mdogo. Ukiliacha limezama, mizizi itaoza.

"Sina mbegu." Matembele hayahitaji mbegu. Omba vikonyo kwa jirani, naye ukimpa vyako kesho. Waliokwisha panda, tunawaomba wasitupe vikonyo wanapopogoa. Viwekeni kivulini kwenye ndoo yenye maji kidogo, anayehitaji apite achukue.

KUMBUKA: tuta la mkeka mmoja, nusu dumu ya maji yaliyokwisha tumika, udongo uliofunikwa. Anza wiki hii, wakati ardhi bado ina unyevu wa mvua za mwisho na jembe linaingia.

Kazi njema.