Kitabu nilichokilaani bila ya kukisoma

Wasomaji wa ukurasa huu watanisamehe leo nikiwatoa pwani na kuwapeleka bara, tena bara ya ndani, kwenye soko la Muthetheni, eneo la Mwala huko Machakos. Sikwenda kutafuta habari za vitabu. Nilikwenda kutoa pole. Rafiki yangu wa miaka mingi, mchongaji wa vinyago pale Changamwe, alifariki na mimi nikiwa safarini, na sikuona uungwana kukaa Mombasa nikapeleka rambirambi kwa simu. Basi nilifunga safari kumwendea kaka yake, mwalimu mstaafu.

Mwalimu alinipokea kwa heshima. Hata viatu sijavua, alishaleta jogoo na kisu, akanambia, "Sheikh, mchinje wewe mwenyewe, ndipo utakula kwa amani." Nikamchinja. Usiku, taa ikiwa mezani, mazungumzo yalianza kwa marehemu, yakaingia kwa wafu kwa jumla, na kutoka kwa wafu si mbali kufika kwa mashetani.

Akanihadithia habari za aimu, ambao kwa Wakamba ni roho za waliotangulia, na katika ngano zao jina hilo hilo huitwa zimwi mla watu. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alizikusanya ngano za Wakamba katika kitabu alichokitoa mwaka 1966. Mimi nami nikamtolea majini yetu: yule mwanamke mzuri wa njiani usiku, baibui jeusi, udi unanukia, hata ukitazama chini unaona kwato. Mwalimu akacheka sana. "Huyo wako tunaye na sisi," akasema. "Tena sisi tulimpiga chapa." Akainuka akaingia chumbani, akatoka na kitabu kidogo cha mfukoni kilichong'oka jalada. Kadosa, cha David Maillu.

Hapo, msomaji wangu, jasho lilinitoka, wala si kwa hofu ya majini.

Nilipokuwa kijana wa shule, babangu alikikuta chini ya godoro langu kitabu kingine cha Maillu huyu, After 4.30. Sina haja ya kueleza yaliyonipata. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kupata kalamu na safu ya gazeti, niliandika makala kali nikamwita mwandishi huyo muuza uchafu, na vitabu vyake vyote nikavitia kapu moja. Kadosa nilikitaja kwa jina. Sikuwa nimekisoma hata ukurasa mmoja. Nilikiona tu katika orodha.

Mwalimu hakuwa na habari ya makala yangu. Aliniuliza tu, kwa upole wa mwenyeji, "Hiki ulikisoma?" Nikasema, "La."

Nimweleze kidogo mtu huyu, maana vijana wengi hawamjui. David Maillu alizaliwa mwaka 1939 katika milima ya Kilungu, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya Machakos na leo imo katika Makueni. Chuo kikuu hakukiona akiwa kijana; alijisomea. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alianzisha Nairobi kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akawa mtunzi na mchapishaji kwa pamoja. Akatoa My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka 1974: walevi, makarani, wakubwa wa ofisi na makatibu wao. Vilikuwa vidogo na rahisi, na watu wasiozoea kununua vitabu wakavinunua. Wasomi walimcheka. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Comb Books. Kampuni ikaanguka kabla ya muongo kwisha, naye akaanzisha nyingine kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya elfu moja. Mtu wa namna hiyo waweza kumchukia, lakini huwezi kusema ni mvivu.

Kadosa nilikisoma usiku ule ule, taa ikivuta mafuta ya watu. Ni kisa cha kiumbe wa kike asiyekuwa wa dunia yetu. Sitasema ni johari. Kizungu chake kinakwenda mbio hadi kinajikwaa, na pana mahali mtunzi anapiga kelele pale ambapo mnong'ono ungetisha zaidi. Lakini kinatisha. Kinatisha kwa sababu mwandishi hamwombi msomaji radhi kwa kuyaleta mambo ya ghaibu ndani ya riwaya. Nilipotoka nje kuchukua udhu wa alfajiri nilijikuta natazama miguu ya msichana aliyeniletea maji. Mungu anisamehe.

Jambo hili limenifikirisha. Sisi wa pwani tumelelewa na majini. Chuoni tumehifadhi Suratul Jinn, sura ya 72, aya zake 28, wala hatuoni shaka kuwa viumbe hao wapo. Lakini tazama riwaya yetu mashuhuri ya hofu, Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Jina lake lasisimua mwili. Maiti inakutwa mzimuni. Halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake, anafikiri, na mwisho muuaji ni binadamu kama wewe na mimi. Naipenda riwaya ile, na sijaona mwenye Kiswahili kitamu kuliko cha mzee yule. Ila ni ajabu kwamba mwana wa pwani mwenye majini tele aliandika mzimu usio na shetani, na mwana wa Ukambani akaandika shetani hasa, akamtoa kwa fedha zake.

Na hapo ndipo penye kidonda changu. Mimi ninayo hadithi ya jini. Nimeiandika miaka kumi na minane iliyopita, kurasa mia na arobaini, kisa cha nahodha na mwanamke wa kisiwa kisichokuwa na maji. Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja. Ikakaa miaka minne, ikarudi na barua ya mistari mitatu: mambo ya ushirikina hayafai shuleni. Nikaifungia kasha. Mwalimu nilimsimulia haya asubuhi tukinywa chai. Hakunionea huruma hata kidogo. Akauliza, "Huyo mchapishaji alikisoma?" Nikamjibu kuwa sijui, pengine alitazama jina tu.

Akanitazama kwa muda, akaendelea kunywa chai yake. Nadhani ndipo nilipomweleza ile makala yangu ya zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakichukua Kadosa mezani akakirudisha chumbani. Nilikuwa nimetaka kumwomba aniazime, nikanyamaza.

Nimefika Mombasa wiki ya pili sasa. Kasha nimelifungua, mchwa wamekula pembe za kurasa, maneno yamesalimika. Mpiga chapa mmoja hapa mjini ameniambia atanitolea nakala mia tano, nusu ya fedha kwanza.